Hitimisha au Ua? Nafasi ya Nafsi katika Istilahi za Kusitisha Michakato ya Kompyuta



1.0 Utangulizi

Naushukuru uongozi wa Chuo kwa kunipa fursa ya kuzungumza katika mfululizo huu wa mihadhara ya hadhara juu ya taaluma za Kiswahili. Mada niliyoichagua ni finyu kwa umbo. Inahusu namna tunavyoiambia kompyuta isitishe kazi iliyokwisha kuianza, hasa pale tunapotumia mstari wa amri, yaani pale ambapo mtumiaji hana vitufe vya kubofya bali huandika maneno na mashine ikayatii. Kwa wataalamu wa kompyuta hili ni jambo la somo la mwanzo. Kwa sisi wanaisimu ni swali la uundaji wa istilahi ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1970, kazi kubwa imefanyika katika kuipatia lugha yetu msamiati wa sayansi na teknolojia. Katika uwanja wa kompyuta, mradi uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, kwa jina la Jambo OpenOffice. Hata hivyo, mijadala yetu mingi imeelemea upande wa nomino. Tumebishana kama mashine yenyewe iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi; kama kile kifaa cha mkononi kiitwe kipanya au puku. Mijadala hiyo ina faida yake. Lakini amri si nomino. Amri ni kitenzi, na kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake mtenda, mtendwa na nyakati. Tukikosea nomino, msomaji atalicheka jina. Tukikosea kitenzi, msomaji atatenda kosa.

Hoja yangu ya leo ni moja. Istilahi za kusitisha michakato zisitafsiriwe kutoka katika jina la amri ya kigeni, bali zitokane na kazi inayotendeka. Na kigezo cha kuipambanua kazi hiyo tunacho katika sarufi yetu wenyewe, nacho ni nafsi: nani anaambiwa, na nani anasemwa tu.

2.0 Programu na Mchakato

Kabla ya kuendelea, inafaa tutofautishe dhana mbili. Programu ni maagizo yaliyohifadhiwa katika diski. Mchakato ni programu hiyo inapokuwa inatekelezwa. Utenzi mmoja ulioandikwa unaweza kughanwa katika kumbi tatu usiku mmoja. Matini ni moja, maghani ni matatu. Ghani moja likikatizwa, mengine mawili yanaendelea, na matini iliyoandikwa haidhuriki. Ndivyo ilivyo kwa programu na michakato yake. Anayesitisha mchakato hafuti programu.

Kila mchakato hupewa namba na kiini cha mfumo endeshi. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, ikiwamo Linux, amri "ps" huorodhesha michakato pamoja na namba zake. Mtumiaji akiona kwamba mchakato wenye namba 4127 umekwama, au kwa lugha ya ofisini umeganda au umegoma, huandika "kill 4127". Katika Windows, tangu toleo la XP la mwaka 2001, kazi hiyo hufanywa kwa amri "taskkill" ikifuatiwa na namba ya mchakato au jina la programu. Kwa kawaida mtumiaji hana ruhusa ya kusitisha michakato ya watu wengine. Uwezo huo ni wa msimamizi wa mfumo.

Amri zote mbili nilizozitaja zimejengwa juu ya kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuua. Hapo ndipo tatizo letu linapoanzia.

3.0 Jina Lilibaki, Kazi Ikabadilika

Unix ilianza kuundwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, na Ken Thompson na Dennis Ritchie ndio waliokuwa waasisi wake wakuu. Katika toleo la sita la mfumo huo, lililotoka mwaka 1975, amri "kill" ilipoandikwa bila nyongeza ilipeleka ishara namba 9, nayo ni ishara ya kuua kweli. Wakati huo jina lilisadifu kazi. Katika toleo la saba, la mwaka 1979, mambo yalikuwa yamebadilika. Amri ileile, ikiandikwa vilevile, sasa ilipeleka ishara namba 15, ambayo huutaka mchakato ujimalize. Atakaye kuua hana budi kutaja namba 9 waziwazi. Utaratibu huo ndio unaotumika mpaka leo.

Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka arobaini jina la amri limekuwa likisema jambo ambalo amri yenyewe, kwa kawaida yake, hailitendi. Ukweli ni kwamba amri hii haiui, hupeleka ishara. Hata amri ya kuusimamisha mchakato kwa muda na ya kuuendeleza tena hupelekwa kwa neno hilohilo. Mwingereza anayejifunza Unix hulazimika kwanza kulisahau neno la lugha yake ndipo aielewe amri. Je, kuna sababu gani ya mwanafunzi wa Kiswahili kubebeshwa mzigo huo?

Jina linaweza pia kubaki vilevile na kazi ikatofautiana kati ya mfumo na mfumo. Katika Linux, amri "killall" hufuatwa na jina la programu, nayo hupeleka ishara kwa michakato yote ya programu hiyo. Katika Solaris, amri yenye jina hilohilo iliwekwa kwa ajili ya kuzima mashine, na ikitumiwa na msimamizi hukatisha takriban kila mchakato unaoendeshwa. Fundi aliyezoea mfumo mmoja akaandika amri hiyo katika mfumo wa pili ataizima huduma nzima ya ofisi, naye alikusudia kuondoa programu moja tu.

4.0 Nani Anaambiwa?

Sasa tuzitazame kwa makini ishara mbili zilizo kiini cha mhadhara huu, namba 15 na namba 9.

Ishara namba 15 hufikishwa kwenye mchakato wenyewe. Mwandishi wa programu anaweza kuwa ameandaa jibu. Mchakato ukiipokea, huandika katika diski data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu, hufunga faili, hufuta faili za muda, huwaarifu wale waliokuwa wakiwasiliana nao, kisha hutoka. Kwa maneno mengine, huaga kabla ya kuondoka. Unaweza pia kuchelewa, au kuipuuza ishara kabisa. Na iwapo mwandishi wa programu hakuandaa jibu lolote, kiini cha mfumo huumaliza kwa kufuata desturi yake.

Ishara namba 9 haimfikii mlengwa. Kiini cha mfumo ndicho kinachoipokea na kuitekeleza, na mchakato hauwezi kuipokea, kuipuuza wala kuichelewesha. Kiini hurejesha kumbukumbu iliyokuwa imetumika na hufunga faili zilizokuwa wazi, lakini hakijui mchakato ulikuwa umekusudia kuandika nini. Data iliyokuwa haijafika kwa kiini hupotea. Faili za muda na zile za kuzuia wengine wasiingie huachwa zilipo, na programu ikianzishwa upya huenda ikakataa kufunguka kwa kudhani kwamba mwenzake bado yumo ndani.

Mfano wa karibu ni ukumbi kama huu. Msemaji akizidisha muda, mwenyekiti humwambia, "Naomba uhitimishe." Msemaji hukusanya hoja zake, hushukuru na kuketi. Akikaidi, mwenyekiti humgeukia fundi mitambo na kumwambia, "Kizime kipaza sauti." Katika kauli ya kwanza msemaji ndiye anayeambiwa. Katika kauli ya pili msemaji hakuambiwa lolote. Lililosemwa lilisemwa kwa mwingine, na yeye alikumbwa na matokeo tu. Kauli zote mbili huleta ukimya, lakini hakuna mswahili atakayezipa jina moja.

Kisarufi, tofauti hii ni bayana. Ishara namba 15 ni kauli ya kuamuru iliyoelekezwa kwa nafsi ya pili: "Hitimisha." Mchakato ndio msikilizaji. Ishara namba 9 ni kauli iliyoelekezwa kwa kiini cha mfumo: "Uue." Hapa mchakato umewakilishwa na kiambishi -u- cha mtendwa, kinachorejelea ngeli ya M-/MI-. Umetoka katika nafasi ya msikilizaji ukaingia katika nafasi ya yambwa. Tofauti ambayo katika Unix imebebwa na tarakimu moja, na katika Windows na herufi F inayoongezwa mbele ya "taskkill" ili kulazimisha, katika Kiswahili imebebwa na muundo mzima wa kitenzi.

5.0 Mapendekezo

Kwa kufuata kigezo hicho, ninapendekeza yafuatayo.

Kwanza, amri "kill" yenyewe ielezwe kuwa ni amri ya kutuma ishara. Isitafsiriwe kwa kitenzi kuua.

Pili, ishara namba 15 iitwe "Hitimisha". Huenda baadhi yenu mkauliza kwa nini isiwe "Koma" au "Komesha". "Koma" katika mazungumzo ya kila siku imekuwa neno la karipio, na karipio halimpi mtu nafasi ya kupanga mambo yake. "Komesha" ina kasoro ya kina zaidi. Kauli ya kutendesha hubeba dai kwamba tendo limefanikiwa, hatusemi kwa urahisi, "Nilimkomesha lakini hakukoma." Ishara namba 15 haitoi dhamana hiyo, kwa sababu mchakato unaweza kuipuuza. "Hitimisha", kwa upande wake, huiacha kazi mikononi mwa mwenye nayo: maliza ulichonacho, kisha utoke.

Tatu, ishara namba 2, inayopelekwa kwa kubonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na herufi C, iitwe "Acha". Hii ni kauli ya mtu aliye mbele ya kibodi anayekatiza kazi aliyoianzisha mwenyewe.

Nne, ishara za kusitisha kwa muda na kuendeleza ziitwe "Simama" na "Endelea". Hapa ni lazima niongeze tahadhari. Zipo aina mbili za ishara za kusimamisha. Ile inayotokana na Ctrl pamoja na herufi Z hufika kwa mchakato, nao unaweza kuipokea kwa namna yake. Hiyo ndiyo "Simama". Ile nyingine, kama ilivyo namba 9, hutekelezwa na kiini bila kuuliza. Hiyo iitwe "Usimamishe". Kigezo cha nafsi kinazitenganisha bila kuhitaji maneno mapya.

Tano, ishara namba 1 ina historia ya pekee. Ilibuniwa wakati watumiaji walipounganishwa na mashine ya mbali kwa laini ya simu. Laini ilipokatika, kiini kiliujulisha mchakato. Hii kwa asili yake si amri bali ni taarifa, na Kiswahili hakiwezi kuipa umbo la kuamuru. Iitwe "Kiungo Kimekatika". Programu nyingi za seva, ambazo hazina kiungo cha aina hiyo, siku hizi huichukulia kama agizo la kusoma upya mipangilio yake. Hiyo ni kazi ya nyongeza, na ielezwe hivyo.

Sita, kitenzi kuua kibaki kwa ishara namba 9 peke yake. Sipendekezi tukipunguze makali. Neno kali mahali pa tendo kali ni onyo kwa mtumiaji.

6.0 Yatima na Mfu Asiyezikwa

Msamiati wa Unix umejaa ujamaa. Mchakato huzaliwa na mchakato mwingine, hivyo tuna mchakato mzazi na mchakato mwana. Mzazi akifa kabla ya mwana, mwana huitwa yatima na kwa kawaida huchukuliwa na mchakato namba 1, ulio wa kwanza kuanzishwa na kiini mashine inapowashwa. Hapa tafsiri ya moja kwa moja inatufaa, maana katika jamii zetu yatima huwa na mlezi. Tuuite basi mchakato namba 1 "mlezi".

Dhana ya pili ndiyo inayohitaji uangalifu. Mchakato ukifa, kiini huhifadhi taarifa fupi ya namna ulivyoisha hadi mzazi wake aisome. Katika kipindi hicho mchakato haufanyi kazi yoyote na hauna kumbukumbu; umebaki mstari mmoja katika orodha. Kwa Kiingereza umepewa jina la mfu anayetembea. Mtafsiri wa Tanzania atavutiwa mara moja na neno "msukule", na yule wa kusini atakumbuka "ndondocha". Lakini msukule, kwa mujibu wa imani zinazosimuliwa, ni mtu aliyedhaniwa amekufa na ambaye anatumikishwa, akilima usiku katika shamba la aliyemchukua. Msukule hufanya kazi. Mchakato huu haufanyi. Mwanafunzi atakayefundishwa neno hilo atadhani kwamba mashine yake imelemewa na kazi ya siri, na ataanza kuituma ishara namba 9. Haitamsaidia. Kilichokufa hakifi mara ya pili.

Hali halisi inafanana zaidi na maiti inayosubiri jamaa wafike ndipo izikwe. Dawa yake ni kumfanya mzazi aisome taarifa au, ikishindikana, kummaliza mzazi ili mlezi achukue jukumu la mazishi. Napendekeza mchakato wa aina hii uitwe "mchakato mfu", na tendo la mzazi kusoma taarifa liitwe "kuzika". Kwa istilahi hizo, maelezo ya dawa yanajitosheleza: mfu hauawi, huzikwa.

Taarifa hiyo ya kifo nayo ina lugha yake. Mchakato uliohitimisha wenyewe huacha namba uliyoichagua, na sifuri kwa kawaida humaanisha salama. Mchakato uliomalizwa na ishara huripotiwa katika mstari wa amri kwa 128 kuongeza namba ya ishara: 143 kwa namba 15, na 137 kwa namba 9. Ujumbe wa Kiswahili unaofaa ni "umehitimisha" kwa hali ya kwanza. "Umemalizwa bila kujibu" kwa 143. Na "umeuawa" kwa 137. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa zinatuambia kilichotokea kabla hatujaitazama namba.

7.0 Pingamizi na Umuhimu wa Suala Hili

Ninatarajia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba amri zenyewe zitaendelea kuandikwa kwa Kiingereza, hivyo istilahi hizi hazina pa kutumika. Ni kweli kwamba "kill" itaandikwa "kill". Lakini daktari huandika jina la dawa kwa lugha ya kigeni, kisha humweleza mgonjwa kwa lugha anayoielewa ainywe lini na kwa nini. Istilahi zetu ni za ufafanuzi, za vitabu vya kufundishia, za miongozo na za mazungumzo kati ya mafundi. Pingamizi ya pili ni kwamba mafundi wamekwisha kuzoea kusema "kuua mchakato", na mazoea hushinda mabaraza. Nami sitaki kuwanyang'anya neno lao. Nataka waongezewe neno la pili, ili wapate la kuchagua.

Hasara ya kukosa neno hilo la pili si ya kinadharia. Chukulia seva ya hifadhidata inayotunza hesabu za ofisi au kumbukumbu za wagonjwa. Waandishi wa PostgreSQL, mojawapo ya mifumo mikubwa ya hifadhidata, wanaonya katika mwongozo wao kwamba ni bora ishara namba 9 isitumiwe kuizima seva hiyo. Wameandaa ishara nyingine za kuifunga kwa ngazi mbalimbali za haraka. Fundi wa wilayani anayesoma mwongozo wa Kiswahili wenye kitenzi kimoja tu, ua, hatajua kwamba kuna ngazi. Na fundi wa makao makuu anayemsaidia kwa simu atamuulizaje? "Ndugu, umeuua?" "Nimeuua." Wote wawili wamesema kweli, na hakuna aliyejua mwenzake amefanya nini. Tofautisha na jibu hili: "Niliutaka uhitimishe, nikangoja, haukujibu; ndipo nikauua." Sentensi hiyo moja ina utaratibu wote unaopaswa kufuatwa.

Utaratibu huo ndio mashine zenyewe zinaoufuata. Mfumo wa Linux unapozimwa, huduma hutumiwa kwanza ishara ya kuhitimisha. Systemd, inayosimamia huduma katika matoleo mengi ya Linux, kwa kawaida husubiri hadi sekunde 90, ingawa msimamizi anaweza kuubadili muda huo. Kisha iliyosalia huuawa. Mgeni wetu hupiga hodi mara tatu kabla ya kukata shauri. Wahandisi wa mifumo wamefika kwenye adabu hiyohiyo kwa njia yao, kwa sababu bila hiyo data hupotea.

8.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha kwamba jina la amri si mwalimu mwema wa mtunga istilahi. Jina la "kill" lilisadifu kazi mwaka 1975, likaacha kusadifu mwaka 1979, na linaendelea kurithiwa. Anayelitafsiri neno hurithi pia kosa lake. Anayeitazama kazi hupata nafasi ya kulisahihisha.

Nimeonyesha pia kwamba kipimo hatukukiazima. Viambishi vya nafsi na vya mtendwa, kauli ya kutenda, ya kutendwa na ya kutendesha, ni mambo tunayoyafundisha kila muhula kana kwamba kazi yake huishia katika chumba cha mtihani. Nawaomba wanafunzi wa isimu waende katika maabara za kompyuta wakae na wenzao wa uhandisi, wazipitie amri moja moja, na kwa kila amri waulize swali hili kabla ya kufungua kamusi: hapa nani anaambiwa, na nani anasemwa? Orodha itakayotokana na swali hilo itakuwa fupi kuliko orodha zetu za nomino, lakini itamwokoa fundi asiue alichopaswa kukipigia hodi.